Pichesi jekundu la Novemba halina utamu, la njano la Januari halina mnunuzi: ning'oe lipi?

BintiMagamba, 11 Februari 2024

Habari zenu wakuu. Niko Magamba, juu ya mji wa Lushoto, kwenye baridi. Nina kipande cha shamba alichoniachia baba, chenye miti 31 ya mapichesi. Wengine mnaita mapichi, na mwalimu wangu wa Kiswahili, Mungu amrehemu, alikuwa anatulazimisha tuseme mafyulisi, ingawa sijawahi kumsikia mtu sokoni akiuza fyulisi. Swali langu liko mwisho, ila nisipoeleza kwanza mtanijibu "inategemea", na jibu hilo nimeshapewa na kila niliyemuuliza.

Miti yenyewe ni ya aina tatu. Kuna 14 ya mapema, miche ya kubebesha (yaani iliyounganishwa tawi la mti mwingine) niliyonunua 2017. Muuza miche aliniandikia "Florida" kwenye karatasi, basi, hakuna zaidi. Tunda ni dogo, jekundu karibu lote, nyama ya njano, na kokwa limeng'ang'ania nyama kama lina deni nayo. Halafu kuna 11 ya kienyeji iliyoota kutokana na makokwa. Hiyo nyama yake nyeupe, ganda la kijani kilichopauka lenye doa la waridi upande wa jua, na malaika mengi mpaka ulifute kwa kitambaa ndipo ule, la sivyo shingo inawasha siku nzima. Sita ya mwisho baba aliibebesha mwenyewe, vikonyo alivitoa kwenye mti wa jirani aliyewahi kufanya kazi misheni. Haina jina. Nyumbani tunaita "la Januari". Kubwa, la njano, wekundu kidogo tu shavuni, na ukilipasua kwa mikono kokwa linaachia lenyewe, safi, kama halikuwahi kukaa humo.

Msimu uliopita nikaamua kuandika kila kitu kwenye daftari. Shemeji yangu alinipa kipima sukari cha mkono, kile kama darubini ndogo: unadondoshea tone la maji ya tunda kwenye kioo, unafunika, unaelekeza kwenye mwanga, unasoma namba ya Brix. Uzito nilipima kwa mizani ya jikoni. Kila aina nilichukua matunda kumi kutoka miti tofauti, yote yakiwa yamelainika vya kuliwa.

La Florida: maua yalifunguka yote 20 Agosti, nikaanza kuvuna 8 Novemba, siku 80. Gramu 65 hadi 80. Brix nyuzi 8 hadi 9, moja tu lilifika 9.5. Mdomoni ni maji, halafu uchachu unakuja nyuma.

La kienyeji jeupe: maua 25 Agosti, kuvuna 12 Desemba, siku 109. Gramu 60 hadi 90, halina nidhamu. Nyuzi 11 hadi 12.

La Januari: maua 28 Agosti, kuvuna 28 Januari, siku 153. Gramu 130 hadi 150. Nyuzi 13 hadi 15! Harufu yake ukiweka matano sebuleni, mgeni anauliza mmepika nini.

Sasa sokoni ni kinyume. Mnunuzi anayekuja na Canter kutoka Dar alinilipa 30,000 kwa tenga la Florida mwezi wa Novemba. La Januari alinilipa 15,000 kwa tenga lilelile, akanung'unika. Kwanza, hayana rangi. Pili, mengi yalikuwa na funza, na hapo siwezi kubishana naye, maana nimewaona kwa macho yangu. Kisha mwezi huu wa pili kanipigia tena simu, eti wateja wake wamekasirika kwa sababu yale mekundu ya Novemba yalikuwa "maji matupu" na mengine yaliyokaa kwenye friji yake yakawa unga mdomoni kama kiazi cha jana. Anasema msimu ujao atapunguza bei.

Nina nafasi ndogo, siwezi kuongeza miti. Ning'oe Florida nipande la Januari? Au ning'oe la Januari kwa sababu nawalisha nzi? Au tatizo ni mimi?

Mzee wa Njabini, 11 Februari 2024

Binti, pokea salamu kutoka Kinangop Kusini. Nilikuwa afisa wa kilimo kwa miaka mingi, sasa nimestaafu, nina ng'ombe wawili na mapichi (kwetu ni mapichi) ishirini hivi. Daftari lako limenifurahisha kuliko habari zote za leo.

Anza na hizo siku ulizohesabu, 80, 109 na 153. Pichi hukua kwa hatua tatu. Maua yakianguka linafura haraka. Halafu linasimama, kwa nje utadhani limelala, kumbe ndani kokwa linakuwa gumu. Kisha linafura mara ya pili, na hapo ndipo sehemu kubwa ya uzito na sukari huingia. Zile aina za mapema zimenyang'anywa hatua ya katikati. Zinakimbilia kuiva kabla kokwa halijamaliza kukaza. Pasua makokwa ya Florida yako kumi kwa nyundo. Utakuta mengine yalishapasuka humohumo ndani ya tunda, na mbegu ni laini, haijakomaa, ukiipanda haioti. Hata wataalamu wanaozalisha aina hizo hukitoa kiini kikiwa kichanga na kukilea kwenye chupa maabara. Kwa hiyo usililaumu kwa kukosa utamu. Limepewa siku 80 lifanye kazi ambayo mwenzake alipewa 153.

Halafu kuna mvua. Florida yako iliiva Novemba 2023, katikati ya vuli ya El Nino. Sisi huku barabara zilikatika. Mti ukinywa hivyo wiki za mwisho, tunda linajaa maji na jua halipo la kutengeneza sukari. La Januari liliiva mvua zimepungua. Kwa hiyo umelinganisha aina tatu, ndiyo, lakini pia umelinganisha hali ya hewa tatu. Daftari la mwaka mmoja haliwezi kutenganisha hayo mawili. Pima tena msimu ujao.

Sasa wekundu, hapa ndipo nagombana na wanunuzi tangu ujana wangu. Wekundu ni jua na ukoo wa mti. Aina hizi mpya zimechaguliwa ziwe nyekundu mapema, na huweza kuwa nyekundu hivyo wiki nzima kabla ya kukomaa. Wewe angalia rangi ya chini, ile inayobaki karibu na kikonyo ambapo wekundu haukufika. Ikiwa bado kijani, acha. Ikigeuka krimu kwa nyama nyeupe, au njano kwa nyama ya njano, chuma. Nina hakika mnunuzi wako anawahimiza mchume yakiwa mekundu na magumu ili yafike Dar bila kupondeka. Sawa, yatafika. Lakini pichi si ndizi. Ndizi ina akiba ya wanga, ukiichuma mbichi wanga unageuka sukari ikiwa ndani ya gunia. Pichi halina akiba hiyo. Likishakatwa mtini litalainika, litanukia, uchachu utapungua kidogo, lakini sukari ni ileile uliyoondoka nayo.

Na hiyo friji imemponza mwenyewe. Pichi likikaa siku nyingi kwenye nyuzi 2 hadi 7 za Selisiasi, nyama yake inaharibika hivyohivyo alivyosema, unga bila maji. Ama liwekwe karibu na sufuri kabisa, ama liachwe nje ya friji. Friji ya duka la soda ndiyo mbaya kuliko zote.

Nikuulize jambo moja. Hiyo Florida unapunguza matunda yakiwa machanga, au unaacha tawi libebe yote?

BintiMagamba, 12 Februari 2024

Shikamoo mzee. Kupunguza? Naacha yote. Nani ang'oe tunda lililokwisha kushika, mzee wangu?

Nimepasua makokwa kumi niliyokuwa nimehifadhi kwenye kopo. Manne yamepasuka ndani. Nimebaki kinywa wazi.

Mzee wa Njabini, 12 Februari 2024

Marahaba. Wewe ndiye ung'oe, binti, na ufumbe macho ukiona uchungu. Yakiwa na ukubwa wa gololi, acha moja kila karibu shibiri moja ya tawi. Mti una majani yaleyale. Ukiyagawia matunda mia tatu kila moja linapata kijiko, ukiyagawia mia moja na ishirini kila moja linapata sahani. Kwa aina ya mapema fanya haraka, mwezi wa kwanza baada ya maua, kwa sababu siku zenyewe hazipo. Ukichelewa hadi kokwa likaze, umepoteza matunda na hukupata kitu. Na acha miti miwili mitatu bila kuigusa, ili upate cha kulinganisha.

mpita_njia_temeke, 12 Februari 2024

Dada, watu wanahesabu siku za kuzaa wewe unahesabu siku za pichesi 😂

Ila mimi niseme kitu wataalamu hamjasema. Sisi huku Dar hilo gumu chachu ndilo tunalolitaka! Unalikata vipande, chumvi, pilipili ya unga, unasimama kituoni unakula kama embe bichi. Hilo lako la Januari tamu sana, laini, linachuruzika mpaka kiwikoni, nitalilia wapi? Kwenye daladala? Mke wangu alipokuwa mjamzito alikula ndoo nzima ya yale magumu. Hakuna aliyempima Brix.

Mzee wa Njabini, 12 Februari 2024

Ndugu wa Temeke, hapo sina jibu. Hukuelezea utamu, lakini umeeleza soko.

Binti, hilo linanikumbusha, kipima sukari chako hakisomi uchachu. Hilo jeupe la kienyeji la nyuzi 11, nadhani mdomoni unaliona tamu kuliko namba yake. Au nakosea?

BintiMagamba, 13 Februari 2024

Hujakosea. Watoto wanalipenda kuliko la Januari. Nilidhani kipimo kimeharibika.

Mzee wa Njabini, 13 Februari 2024

Kiko sawa. Mapichi mengi ya nyama nyeupe yana asidi kidogo, kwa hiyo hakuna cha kushindana na sukari. La njano linahitaji nyuzi mbili tatu zaidi ili ulimi ukubali kwamba ni tamu. Kwa hiyo Florida imeumia mara mbili, sukari chache na asidi ipo yote. Ukiandika namba, kando yake andika na neno la ulimi.

kibarua_wa_Teruel, 15 Februari 2024

Nimeingia kwa bahati tu, natafuta habari za nyumbani (mimi ni wa Korogwe, nawaona huko juu mlimani kila nikirudi likizo). Nimefanya kibarua cha mapichesi Hispania misimu mitatu, mkoa wa Teruel, upande wa mji unaoitwa Calanda. Dada, soma hii taratibu, kwa sababu pichesi lako la Januari nimeshaliona, na huku linauzwa ghali kuliko yote.

Huku msimu unaanza Mei na yale ya mapema, mekundu, kama Florida yako. Yanakwenda kwa wingi, bei inapanda wiki mbili kisha inaporomoka. Sheria ya Umoja wa Ulaya inataka tunda lisipungue nyuzi 8 za Brix, kwa hiyo la kwako lingepita mtihani, kwa kuburuza miguu, lakini lingepita. Kisha yanakuja ya Julai na Agosti. Halafu watu wa Calanda wanasubiri. Ya kwao yanaiva kuanzia Septemba na kuendelea Oktoba, wakati wengine wote wamekunja maturubai. Hayo yana muhuri wa eneo lao tangu 1999, na ili upate muhuri huo tunda lazima lifike nyuzi 12 za Brix na upana wa milimita 73. Chini ya hapo hata kama limetoka shamba lilelile, haliitwi la Calanda.

Sasa sikiliza rangi yake. Halina wekundu kabisa. Ni njano ya majani makavu, moja, shavu hadi shavu. Mtu wa Kariakoo angelitupa. Huku mteja akiona wekundu kwenye tunda linaloitwa la Calanda anajua ametapeliwa.

Sababu ya rangi hiyo ndiyo dawa ya funza wako. Juni na Julai, tunda likiwa bado kijani, tunapanda ngazi na kulivika mfuko wa karatasi. Kila tunda mfuko wake, mdomo unafungwa kwa kiwaya kidogo kwenye tawi. Mwanzoni wanapunguza matunda sana, kama alivyosema mzee, kwa sababu nani atafunga mifuko kwenye matunda mia tatu kwa mti. Mfuko unakaa mpaka siku ya kuchuma. Nzi hafiki, dawa ya mwishomwisho haihitajiki, jua halichomi, na wekundu hautokei. Wazoefu wanafunga zaidi ya elfu moja kwa siku. Mimi siku ya kwanza nilifunga mia tatu na kidogo, shingo ikakataa kugeuka, mama mmoja wa pale akacheka mpaka akakaa chini.

Nyama ya tunda la Calanda inabaki ngumu kidogo hata likiiva, si kama lako linaloyeyuka. Kwa hiyo kusafirisha wao wana nafuu. Wana aina tatu walizozichagua kwa huko: Jesca, Evaisa na Calante. Nilipoambiwa jina la kwanza nilicheka peke yangu. Nina binamu Jesca, naye huchelewa kila mahali, na tukimsubiri hatujuti.

Mzee wa Njabini, 15 Februari 2024

Kijana wa Korogwe, asante sana. Naongeza jambo moja la nzi kabla watu hawajamuuzia binti mitego. Mwaka 2003 aligunduliwa hapa Kenya nzi mgeni kutoka Asia, yule anayemaliza maembe. Dume lake linavutwa na mitego ya methili yujinoli, dawa yenye harufu ya kuwavuta, inayouzwa kwa wakulima wa maembe. Lakini huko juu kwenye baridi, anayeharibu mapichi mara nyingi ni nzi wetu wa asili wa Kiafrika, anayestahimili baridi, na huyo hana habari na dawa hiyo. Utatundika mtego, utaukuta mtupu, utasema shamba halina nzi, na funza wanaendelea. Mfuko haubagui nzi. Vilevile okota yote yaliyoanguka kila siku, yachemshe au uyafungie kwenye mfuko mweusi juani. Usiyaache chini ya mti.

BintiMagamba, 15 Februari 2024

Nimesoma mara tatu. Nitarudi na majibu, nikiwa hai na daftari likiwa halijaliwa na panya.

BintiMagamba, 16 Februari 2025

Wakuu, nimerudi. Mwaka mzima. Panya walikula jalada tu.

Nianze na Florida. Miti 14: nilipunguza matunda kwenye 10, nikaacha 4 kama mzee alivyoagiza. Kazi yenyewe niliifanya na mwanangu wa pili, na nusu ya kwanza nilikuwa nahesabu hasara kwa sauti. Jirani alisimama kwenye ua akaniuliza kama nimegombana na mtu.

Vuli ya 2024 ilikuwa chache kwetu, mnajua. Kwa hiyo ile miti 4 ambayo sikuigusa nayo ilipanda, kutoka ile 8 na 9 ya mwaka juzi hadi 9.5 kwa wastani wa matunda kumi. Hiyo ni kazi ya jua, siyo yangu. Iliyopunguzwa ilifika 11. Gramu 95 hadi 110. Mzee, ungeniambia niipunguze yote ningejisifu kwa nyuzi mbili na nusu, kumbe moja na nusu kati ya hizo ni yangu na iliyobaki ni ya mawingu. Jumla ya kilo kwa mti ilishuka, sikatai. Niliuza matenga machache kwa bei ya juu kidogo, na nikipiga hesabu nimepata karibu sawasawa na mwaka juzi. Faida ni kwamba sikuchuma usiku kwa tochi, na matawi mawili yaliyozoea kuvunjika hayakuvunjika.

Nilimkatalia mnunuzi kuchuma yakiwa ya kijani karibu na kikonyo. Alinuna, akaondoka na Canter tupu, akarudi baada ya siku nne. Zile siku nne sikulala.

Ile miti 4 isiyopunguzwa, yale madogo magumu, nilifuata ushauri wa ndugu wa Temeke. Niliteremka nayo Mombo, kwenye mabasi, nimeyakata vipande kwenye vikombe, chumvi na pilipili. Yaliisha kabla ya saa sita mchana! Wanafunzi wa bweni waliokuwa wanarudi nyumbani waliyamaliza. Naomba radhi kwa kudharau.

Sasa la Januari. Mifuko ya karatasi ya kufungia mapichesi haipo Lushoto, wala Tanga sikuipata. Nilianza na magazeti, gundi ya unga wa ngano. Mvua ya kwanza ya Novemba ikayageuza uji, na chungu wakaja kula gundi. Nikahamia bahasha za kaki, zile za ofisini, nikakata pembe ya chini maji yatoke, mdomo nikafunga kwa uzi wa katani maana huku katani haitushindi. Nilifunika matunda 200 kwenye miti mitatu. Miti mitatu mingine niliacha wazi.

Wakati wa kuvuna nilipasua 100 ya wazi: 41 yalikuwa na funza. Ya bahasha, kati ya 200, ni 9, na sita kati ya hayo bahasha zilikuwa zimechanika. Brix ya ndani ya bahasha 13.5, ya nje 14. Kwa hiyo bahasha imeninyima kitu kidogo cha utamu, au ni matunda ya juu na ya chini ya mti tu, sijui kama nusu nyuzi ni jambo la kuzungumza.

Rangi yake sasa. Kijana wa Korogwe, ulisema kweli kupita kiasi. Yalitoka yamepauka kama ngozi ya mtoto mchanga, hayana hata alama. Mnunuzi wangu aliyatazama akasema hayo hayajaiva. Nilimkatia moja. Akala, akanyamaza, akala la pili, kisha akasema mteja wake hawezi kuyala kwa macho. Nikamwambia basi. Niliyauza kwa sado, Lushoto mjini na Mombo, nikimkatia kila mtu kipande kabla hajauliza bei. Tenga moja, kwa kuuza hivyo, lilinipa 38,000. Lakini nilisimama siku sita juani, na siku sita zangu nazo zina bei, hilo daftari halijui kuliandika.

Jeupe la kienyeji sijaligusa. Nyuzi 12, na kando yake nimeandika "watoto wamemaliza".

Uamuzi: siing'oi yote. Nataka Florida sita niigeuze ziwe la Januari, kwa kubebesha kwenye mashina yaliyopo, nane zibaki kwa ajili ya Novemba na pilipili. Novemba mwaka jana, nilipomaliza kuvuna, nilizikata hizo sita fupi, nikafa ganzi, na zimetoa machipukizi marefu kama fimbo. Nilikuwa nasubiri kipupwe ndipo nibebeshe. Au nimekosea mwezi?

Mzee wa Njabini, 16 Februari 2025

Binti, hilo daftari lako ningelionyesha kwa maafisa vijana kama ningekuwa bado na ofisi.

Usisubiri kipupwe. Pichi halipendi kubebeshwa likiwa limelala. Bebesha jicho moja, siyo kipande cha tawi, kwenye machipukizi hayohayo ya mwaka huu, wakati maji yanapanda mtini. Chukua macho kutoka tawi la la Januari lililonenepa kama penseli, kata majani uache vishina vyake vifupi, lifunge tawi kwenye kitambaa kibichi, ubebeshe siku hiyohiyo. Kwenye kila shina acha tawi moja la Florida liendelee kuulisha mti. Kabla ya yote jaribu ganda: kesho asubuhi chora kwa kisu herufi ya T, inua pembe kwa ncha. Likibanduka laini bila kuchanika, ni wakati wake. Likigoma, mwagilia, subiri wiki, jaribu tena.

kibarua_wa_Teruel, 16 Februari 2025

Mimi narudi Korogwe mwezi wa nne. Nitakuletea mifuko mia tano. Usinilipe, nipe matenga mawili ya yale yaliyopauka, na moja nitampelekea Jesca.

BintiMagamba, 17 Februari 2025

Nimejaribu saa moja asubuhi. Kwenye miti minne limebanduka. Miwili imegoma, ile ya kona kwenye jiwe, nimeimwagilia.

Kijana wa Korogwe, mwezi wa nne hakuna tunda hata moja huku. Njoo Januari.